Uzingativu na metta kwa mtu wa Dar: mbona nikikaa kimya ndiyo hasira zinapanda?

mkazi_wa_chanika

Wakuu habari za jioni.

Naomba msaada kwa wenye uelewa wa mafundisho ya Wabuddha, hasa hii habari ya uzingativu (kutambua kinachoendelea sasa hivi) na metta (kuwatakia wengine mema). Shabaha si kubadili dini, ni kuishi siku bila kununa. Kazi ni ya dirishani, wakala wa pesa za simu Kariakoo. Natoka Chanika saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku.

Utaratibu wa sasa ni huu: saa 4 usiku baada ya chakula nakaa kwenye mkeka, miguu nimekunja, macho nimefumba, nafuatilia pumzi dakika 30. Halafu dakika 10 namtakia mema msimamizi wangu, kwa kuwa ndiye anayenikera kuliko binadamu wote, nikaona bora nianze na mzizi wa tatizo.

Kinachotokea: usingizi unanibeba hata robo saa haijaisha. Nikijikaza nisilale, kifua kinabana na kichwa kinakuwa chepesi. Miguu inakufa ganzi. Na hiyo ya msimamizi ndiyo balaa, kila nikisema "awe na furaha" linakuja lingine alilonifanyia, nalala na hasira kuliko nilivyokaa. Kesho yake dirishani hakuna kilichobaki. Mteja wa kwanza akipayuka, nami napayuka.

Kosa liko wapi? Nawasilisha.

---

Fundi_Pumzi

Mkuu, umeanzia mwisho ukarudi mwanzo, ndiyo maana kila kitu kinakugomea.

Katika Anguttara Nikaya, mojawapo ya mikusanyo ya mafundisho ya Buddha, kuna mahali Ananda, mtawa aliyemhudumia, anamuuliza Buddha faida ya mwenendo safi, naye anampa mlolongo. Mwenendo safi unaleta moyo usio na majuto. Moyo usio na majuto unachangamka. Uchangamfu unazaa furaha, furaha inatuliza mwili, mwili uliotulia unaona raha, na moyo wenye raha ndio unaokaa mahali pamoja. Angalia utulivu umewekwa wapi: baada ya raha. Wengi tunakaza utulivu kwa nguvu tukitegemea raha ije kama malipo. Haiji, kwa sababu akili isiyo na pa kupumzikia itatafuta tu kwa kwenda, na kwako inakwenda kwa msimamizi.

Kwa hiyo kabla hujagusa pumzi, tumia dakika 2 au 3 kukumbuka jambo moja safi ulilofanya leo au jana. Dogo tu. Mteja alisahau chenji ukamwita akarudi. Ulimpisha mama mwenye mtoto kwenye siti. Usilipambe, wala usijipongeze kwa maneno mengi, likumbuke kama lilivyokuwa mpaka uone uso umelegea. Hili si la kubuni, kukumbuka mwenendo wako mwema na utoaji wako ni mazoezi mawili yanayojitegemea katika mafundisho yenyewe, na wakufunzi wengi wanayaruka kwa haraka ya kufika kwenye pumzi.

Sasa ufundi.

Muda. Dakika 30 za saa 4 usiku, umeshiba, umeamka tangu alfajiri: hapo si meditesheni, ni kupigana na mwili wako, na mwili una haki. Gawa. Dakika 10 kabla ya kutoka alfajiri, na dakika 10 ukirudi, baada ya kuoga na kabla ya kula. Ishirini zilizo macho zinashinda thelathini za kusinzia. Ukiona kumi zinaisha na bado ungetaka kuendelea, ongeza tano wiki inayofuata. Ukiwa unachungulia saa, usiongeze.

Kikao. Ganzi inakuja kwa sababu umekaa chini sana: magoti yako juu kuliko nyonga, mgongo unapinda, uzito wote unaangukia nyuma ya paja na mshipa wa fahamu unabanwa. Tafuta mto mgumu wa sufi, au kunja blanketi mpaka lifike sentimita 10 hadi 15. Kaa kwenye theluthi ya mbele ya mto, si katikati, ili nyonga iiname mbele kidogo na magoti yashuke mpaka mkekani. Goti lisilofika liwekee kanga iliyokunjwa. Ukishindwa kabisa, kiti cha plastiki kinatosha, mradi usiegemee na nyayo zote mbili ziguse sakafu. Hakuna cheo kwa kukunja miguu.

Feni isipulize usoni. Inaonekana jambo dogo, ila utakuwa unafuatilia upepo wa feni ukidhani ni pumzi yako.

Pumzi. Kifua kubana na kichwa kuwa chepesi maana yake unaivuta pumzi badala ya kuiangalia. Unavuta nyingi kuliko mwili unavyohitaji, kaboni dioksaidi inapungua kwenye damu, kizunguzungu kinaingia na vidole vinaweza kuchonyota. Ikitokea, acha pua kabisa. Peleka fahamu kwenye nyayo, toa pumzi moja ndefu kama unayeshusha mzigo, halafu subiri mwili wenyewe uvute. Utauvuta tu. Rudi puani pumzi ikishakuwa ya kawaida, na safari hii angalia kwenye kutoka kwake zaidi kuliko kuingia, kwa sababu kutoka ndiko tunakokuingilia kidogo.

Kuhesabu kunasaidia wiki za mwanzo. Hesabu kila inapotoka: moja, mbili, usiishie chini ya 5 wala usipite 10. Chini ya tano hesabu inabanana na akili inahangaika, juu ya kumi akili inaifuata hesabu inaiacha pumzi. Ukijikuta uko 14, au umeshafika Ubungo kimawazo, sema kimoyomoyo "nawaza", rudi moja. Bila kujigombeza. Kule kugundua kwamba ulikuwa umepotea ndiko uzingativu wenyewe, na kikao ambacho umegundua mara ishirini ni kikao kizuri sana.

Usingizi. Moggallana, mmoja wa wanafunzi wakubwa wawili wa Buddha, naye alikuwa anasinzia kikaoni, na dawa alizopewa ni za kawaida mno: badili unachokiangalia, kariri kwa sauti ulichojifunza, vuta masikio na sugua mikono na miguu, simama unawe macho kwa maji, tazama juu kwenye nyota, leta moyoni mwanga wa mchana, tembea kwenda na kurudi. Na mwisho wa orodha? Lala, kwa ubavu wa kulia, ukiwa umeazimia saa ya kuamka. Hakuambiwa jikaze. Kwako wewe ningeongeza moja: fumbua macho, yatazame sakafu mita moja na nusu mbele.

Ya metta ya msimamizi nawaachia wengine, ila kwa leo mwache huyo mtu apumzike.

---

ukwaju_mbichi

Fundi kamaliza ya pumzi. Nichukue ya msimamizi, maana hapo ndipo watu wengi wanaachia metta wakisema haifanyi kazi.

Mwongozo unaotumika zaidi kwa zoezi hili katika Utheravada, tawi la Ubuddha la Sri Lanka na Kusini-mashariki mwa Asia, ni sura ya 9 ya kitabu cha Visuddhimagga, kazi ya Buddhaghosa aliyeishi Sri Lanka karne ya 5. Jambo analoanza nalo, kabla hata ya kufundisha namna, ni watu wasiofaa kuanza nao. Usianze na usiyempenda, maana kumweka mahali pa mpendwa kunachosha. Usianze na kipenzi wa karibu mno, maana tatizo dogo likimpata utaishia kulia. Usianze na mtu usiyemjua kivile. Usianze na adui, maana hasira itazuka. Halafu kuna wawili wa kuepuka kabisa zoezi likiwa la mtu mmoja mmoja: yule unayeweza kumtamani kimapenzi, kwani matamanio huvaa nguo za metta, na marehemu, kwani haifiki popote. Anataja kijana mtawa aliyejaribu kwa mwalimu wake akashindwa kabisa, kumbe mwalimu alishafariki.

Kwa hiyo mkuu, hasira yako ilishatabiriwa miaka 1,500 iliyopita. Haikuwa ishara kwamba una roho mbaya.

Mpangilio wake ni huu: wewe mwenyewe, kisha mtu unayempenda na kumheshimu, kisha rafiki, kisha asiye na upande (humpendi wala humchukii), mwisho mgumu. Siku hizi walimu wengi wanamtanguliza mfadhili kwa sababu kuna watu ambao kujitakia mema kunawakwama kooni. Mfadhili ni mtu aliye hai ambaye ukimkumbuka uso unafunguka bila kazi: mwalimu wa shule ya msingi, shangazi aliyekulea, bibi jirani. Asiwe mtu mnayedaiana.

Namna. Mlete mtu huyo kama alivyo, ikiwezekana katika jambo moja analopenda kufanya. Bibi anachambua mchele upenuni, ungo magotini, anapuliza makapi. Halafu sentensi nne, moja kwa kila pumzi inayotoka, na baada ya kila moja acha pumzi mbili zipite bila neno:

Uwe salama.
Uwe mzima wa afya.
Uwe na amani moyoni.
Maisha yako yawe mepesi.

Badilisha maneno yawe ya kinywa chako, lakini ukishayachagua usiyabadilishe kila siku. Na usisubiri joto kifuani. Metta ni nia, hisia inakuja inapotaka. Ukisema sentensi kwa kumaanisha huku hujisikii chochote, umefanya zoezi kikamilifu. Kinachoharibu ni kuzisema haraka haraka kama konda anayetaja vituo, dakika kumi zinaisha akili ikiwa kwenye hesabu za floti.

Wiki mbili za mwanzo mfadhili tu, dakika 5 kila mara, na wewe mwenyewe dakika 2 za mwisho. Wiki ya tatu ongeza rafiki. Wiki ya nne ongeza asiye na upande, na huyu msimdharau, kwa maoni yangu ndiye mwenye faida kubwa kuliko wote kwa furaha ya kila siku. Chagua mmoja, dada anayeuza uji kituoni au mlinzi wa duka la jirani, umshike huyo huyo wiki nzima. Utashangaa siku ukimkosa. Mji huu tunapita katikati ya mamia ya watu kila siku kama tunavyopita katikati ya nguzo za umeme, na upweke mwingi unatokea hapo.

Msimamizi asiingie kabla ya wiki ya tano. Akiingia, apewe dakika 2 katikati: mfadhili kwanza, yeye, mfadhili tena. Moto ukipanda, rudi kwa mfadhili papo hapo. Usibishane nao.

Ukiona amegoma kabisa, kuna mbinu za kale. Sariputta, yule mwanafunzi mkubwa mwingine wa Buddha, alifundisha hivi: mtawa anaona kitambaa kibovu kimetupwa barabarani. Anakikanyaga kwa mguu wa kushoto, anakitandaza kwa mguu wa kulia, anachana kipande kilicho kizima, anaondoka nacho. Na mtu ndivyo hivyo. Maneno yake ni makali, je, matendo yake? Kama msimamizi wako anafoka lakini hajawahi kukukata mshahara kwa ujanja, chukua hicho kipande. Kama matendo na maneno yote mabovu, huenda kuna nyakati moyo wake unafunguka hata kidogo. Kama hakuna kabisa, basi huyo si wa kuchukiwa, ni wa kuhurumiwa, kama mgonjwa aliye njiani mbali na kijiji.

Buddhaghosa ana nyingine ambayo mimi naipenda kwa uchokozi wake. Unamkasirikia, sawa. Unakasirikia kipi hasa? Nywele zake? Kucha? Meno? Maji yaliyomo mwilini mwake? Endelea kuchambua mpaka hasira ikose pa kutua. Na ya mwisho kwenye orodha yake ni zawadi: mpe kitu, au pokea kutoka kwake. Chupa ya maji ya baridi saa 8 mchana, bila hotuba. Mara nyingi mkono unatangulia, moyo unafuata.

Onyo moja. Kila sifa njema ina pacha anayefanana nayo, na pacha wa metta ni mapenzi ya kung'ang'ania. Pacha wa huruma ni huzuni ya kuzama na mwenye shida. Pacha wa upekkha, ile hali ya kutoyumba, ni kutojali. Hapa Dar pacha wa metta anaonekana sana kwenye mikopo: ndugu anaomba elfu hamsini kwa mara ya nne, hajarudisha tatu za mwanzo, unampa kwa sababu unaogopa akuone mbaya. Hiyo ni hofu. Unaweza kumtakia mtu mema kutoka moyoni na ukamwambia "safari hii sina, ndugu yangu" kwa sauti ya kawaida.

---

mdau_tandika

Samahani kuuliza, hii si ndiyo ile ya kusujudia sanamu? Sisi wa swala tano na wenzetu wa kanisani tunaruhusiwa kweli, au mnatuingiza choo cha kike?

---

kivuli_cha_mbuyu

Swali halali, mdau, na lisijibiwe kwa kuzungushwa.

Kuhesabu pumzi, kutambua "nawaza", na kumtakia mtu usalama hakuna ndani yake dua kwa Buddha wala kiapo. Buddha kwa Wabuddha wenyewe si muumba wa ulimwengu, ni mwalimu aliyeamka. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, pale Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyapanga mazoezi haya kwa ajili ya wagonjwa wa maumivu sugu na msongo, kozi ya wiki 8, bila ibada, na mpango huo unafundishwa hospitalini nchi nyingi.

Ila hekaluni ni kitu kingine. Pale kuna maua, taa, kuinama mbele ya sanamu, na kukariri kwa Kipali, lugha ya maandiko yao, ambako ndani yake kuna kukimbilia kwa Buddha, kwa mafundisho yake na kwa jumuiya ya watawa. Hiyo ni ibada ya watu, na mgeni anaruhusiwa kukaa kimya nyuma bila kushiriki. Mpaka wako wa imani muulize sheikh au padri wako, si sisi wa mtandaoni.

Binafsi naona mtu wa dirishani anaweza kuchukua mazoezi peke yake na yakamtosha.

---

Fundi_Pumzi

Hapo kwenye "yakamtosha" natofautiana nawe, kaka. Ukitoa mwenendo, kinachobaki ni dawa ya kutuliza maumivu. Kanuni tano za Mbuddha wa kawaida ni kujizuia na kuua, kuchukua usichopewa, uzinzi, uongo na vilevi. Hakuna mcha Mungu wa hapa atakayeona ngeni, labda hiyo ya kuua ikifika kwa kuku wa Idi.

Kwa wakala mbili zinauma zaidi. Ukimtoza mteja mia tano ya pembeni nje ya makato halali, au ukamwambia "mtandao uko chini" wakati floti ndiyo imeisha, usiku ukikaa, hiyo ndiyo itakuwa ya kwanza kukaa mbele yako. Sema "floti imeisha mama, rudi baada ya nusu saa" na utapoteza mteja mmoja. Kikao chako kitakuwa chepesi kwa namna ambayo hesabu ya pumzi haiwezi kuileta.

---

kivuli_cha_mbuyu

Kwa hilo la mia tano sikupingi. Bado nasema mtu aanze na alichonacho, mengine yatamfuata akiwa njiani.

---

konda_mstaafu

Mmesahau swali lake la mwisho: kwa nini dirishani hakuna kinachobaki.

Hakibaki kwa sababu amefanya zoezi macho yamefumbwa chumbani kimya, halafu anategemea lijitokeze lenyewe Kariakoo. Uzingativu una sehemu nne katika Satipatthana, fundisho la Buddha kuhusu uzingativu: mwili, vedana, hali ya akili, na mambo yanayopita akilini. Watu wanafanya ya kwanza, tena pumzi peke yake, wanaishia hapo. Kwa kazi ya watu, muhimu ni ya pili. Vedana ni ile ladha ya kwanza ya kila kinachokugusa, kabla hujakipa jina: tamu, chungu, au si tamu si chungu. Inakuja haraka mno, na hasira haiwezi kuja bila kupitia hapo. Ukiikamata pale, una nafasi. Ikishapita, unabaki kuzima moto.

Tazama kwa karibu. Mteja anaegemea dirisha, anagonga simu kwenye kaunta, "Umenikata elfu mbili yangu!" Kabla hujafungua mdomo mwili umeshajibu: masikio yana moto, ulimi umeng'ang'ania kaakaa, bega moja limepanda, tumbo limejikunja. Sema kimoyomoyo neno moja tu, "chungu". Usiseme "huyu mshenzi", wala usiseme "nisikasirike". Nyayo zikanyage sakafu. Mkono uende kwenye daftari la miamala, na pumzi itoke yote wakati mkono unakwenda. Halafu swali moja: "Naomba namba ya muamala, kaka." Kuanzia mwanzo mpaka mwisho ni kama sekunde nne, na mteja hajui kama umefanya chochote. Ukishindwa, na mara nyingi utashindwa, ufanye baada ya kupayuka. Hata kutambua "chungu" dakika tano baadaye kunafupisha njia ya kesho.

Kwa nini kufunga hasira kwa meno hakufai? Kwa sababu hapo umeongeza mshale wa pili. Wa kwanza ni maneno ya mteja, umeshachomwa, basi. Wa pili ni "kwa nini mimi, kwa nini kila siku, ningemwambia hivi", na huo unaurusha mwenyewe mpaka saa 4 usiku.

Kabla ya kujibu ujumbe wa kundi la kazini, pitisha vipimo vitano vya maneno: ni wakati wake? ni kweli? ni kwa upole? kuna faida? umetumwa na nia njema? Kikikosa kimoja, weka simu kifudifudi. Hicho cha wakati ndicho kinachowaangusha wengi, ukweli wa saa 5 usiku kwenye kundi la watu 60 hausaidii mtu.

Na daladala. Chanika mpaka Kariakoo ni kikao kirefu cha bure, lakini usifumbe macho, simu itashuka Gongo la Mboto bila wewe. Ukisimama, sikia mkono ulioshika bomba, nyayo, na magoti yanavyojirekebisha gari linapokata kona. Kelele zipokee kama kelele tu: honi, bati linagongwa, muziki. Kila kituo pumzi tatu. Gari likiondoka, watakie usalama walioshuka. Walioshuka ni wepesi kuwapenda, hawakubani tena. Ukishazoea, hamia kwa aliyeweka begi lake juu ya mguu wako.

Kwa wanaokwenda kazini kwa bodaboda kama dereva: barabara yenyewe ndiyo kikao chenu, msianze kuhesabu pumzi.

---

ukwaju_mbichi

Niongeze kabla uzi haujaenda mbali. Kuna watu ambao kukaa na pumzi kunawaletea hofu kali, moyo kudunda, au kumbukumbu za jambo baya lililowapata. Hao wasilazimishe. Wabadilishe kitu cha kuzingatia: sauti za nje, nyayo, au watembee. Kutembea ni meditesheni kamili, si ya daraja la pili. Unahitaji upenu wa hatua 10 hadi 15 tu. Kila hatua ina vipande vitatu: unyayo unanyanyuka, unakwenda, unatua. Ukifika mwisho simama pumzi moja, geuka, rudi. Dakika 10. Mwenye wasiwasi mwingi ninamshauri aanze na hii kabla ya kukaa kabisa.

Mwenye sonona, au aliyewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asikimbilie kozi za siku 10 za ukimya, na asiache dawa eti ameanza metta. Azungumze na daktari wake kwanza. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na kwenda pale si aibu.

---

mkazi_wa_chanika

Aisee, kumbe nilianza na yule ambaye kitabu kimesema kabisa usianze naye. Asanteni sana wakuu, na dada ukwaju ubarikiwe. Nimeshampata mfadhili, na mto wa sufi upo.

Mawili ya mwisho. Hekalu la hapa mjini mgeni anaingiaje? Na la pili msicheke: Chanika mbu ni wengi, alfajiri ndiyo hatari. Nikikaa dakika 10 wananimaliza. Nikimpiga mmoja nimevunja kanuni ya kwanza?

---

kivuli_cha_mbuyu

Hekalu liko Upanga, lilianzishwa na jumuiya ya Wasinhala kutoka Sri Lanka tangu enzi za ukoloni, na lina mti wa Bodhi uwanjani, aina ya mti ambao Buddha aliamka chini yake. Ulizia kwanza siku na saa za vikao, usiende tu. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, siku za mwezi mpevu wenyewe huvaa nyeupe. Viatu nje, kofia nje, simu zima. Ukikaa chini, nyayo zisielekee sanamu wala watawa. Mwanamke asimpe mtawa mkono, na mwanaume naye salamu ya viganja viwili inatosha. Ukitaka kupeleka chakula kiwahi kabla ya saa 6 mchana, baada ya hapo watawa hawali mpaka kesho yake. Mafundisho hayauzwi, lipo sanduku la sadaka, weka au usiweke.

---

Fundi_Pumzi

Mbu: kanuni inavunjika kukiwa na kiumbe, unajua ni kiumbe, unakusudia kuua, unafanya, na kinakufa. Ukimpiga kwa kusudi, vyote vitano vimetimia. Ukijikuna usingizini akafa, hapana.

Lakini malaria nayo si mchezo, na hakuna aliyekuambia uwe chakula chao. Usiondoke kitandani. Chandarua chako kishushe, chomeka pembe zote chini ya godoro, kaa humo humo juu ya mto. Godoro likiwa laini sana litakuzamisha upande mmoja, basi weka ubao au boksi lililokunjwa chini ya mto. Kama lazima ukae sakafuni, vaa suruali ndefu na soksi, paka mafuta ya kufukuza mbu dakika 15 kabla, ili harufu ipungue usije ukaifuatilia badala ya pumzi. Udi wa mbu uweke mlangoni, mbali nawe, moshi wake unakereketa koo na unaua hamu ya kuvuta hewa.

Akishatua na kuuma, una sekunde chache za kuona vedana ikiwa safi kabisa: chungu, halafu mkono unataka kwenda. Uone ukitaka. Kisha mpulize.